Lakabu Bila Daftari: Historia ya Amri Fupi na Somo Lake kwa Utumishi wa Umma

Ukisafiri kutoka Kikatiti kuelekea Arusha mjini, ndani ya muda mfupi utakuwa umepita mbele ya namna mbili za kuiamuru mashine. Ya kwanza iko Kikatiti penyewe, kando ya barabara kuu iendayo Moshi: wakala wa fedha za simu anabonyeza nyota, mia moja na hamsini, nyota, sifuri mbili na reli, na malipo ya mkungu wa ndizi yanamfikia mkulima bila noti hata moja kuguswa. Ya pili iko Tengeru, kwenye Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011, kama ilivyo katika maabara nyingi za kompyuta nchini: kijana anaandika herufi mbili kwenye skrini nyeusi, anabonyeza kitufe kimoja, na kazi nyingi zinatendeka kwa zamu. Msimbo mpya unavutwa kutoka kwenye seva, programu inajengwa, majaribio yanaendeshwa, matokeo yanaorodheshwa.

Herufi hizo mbili mashine haikuzaliwa nazo. Ni jina alilolitunga kijana mwenyewe. Katika mifumo ya jamii ya Unix na Linux, amri ya kutungia jina la namna hiyo huitwa alias, na Kiswahili kina neno lake la siku nyingi: lakabu, yaani jina la kupanga ambalo mtu hupewa juu ya jina lake halisi. Kijana anaandika mara moja tu, kwa mfano:

alias jr='cd ~/mradi && git pull && make && make test'

na kuanzia hapo jr inabeba amri zote nne: nenda kwenye folda ya mradi, vuta msimbo mpya, jenga programu, endesha majaribio. Kazi aliyokuwa akiirudia mara thelathini kwa siku imekuwa ya kufumba na kufumbua.

Jambo hili huonekana dogo, la mafundi, lisilostahili kalamu ya anayeandika kuhusu jamii na siasa. Naliona kwa namna nyingine. Kila amri fupi ni mapatano kati ya anayejua kilichomo ndani yake na anayeitumia tu. Mapatano hayo yakiandikwa mahali panapoonekana, amri fupi huwa urithi wa taasisi. Yakibaki kichwani mwa mtu mmoja, au kwenye mashine ya mtu mmoja, huwa deni ambalo taasisi italilipa siku mtu huyo atakapoondoka. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ya amri fupi, ya kwetu na ya wenzetu, ni historia ya daftari hilo.

Tuanzie Zanzibar. Mwezi Januari 1879 jeshi la Uingereza lilishindwa na Wazulu kwenye vita vya Isandlwana, na habari zilichukua wiki kadhaa kufika London, kwa kuwa kusini mwa Afrika hakukuwa na waya wa simu wa kuiunganisha na Ulaya. Fedheha hiyo iliharakisha ulazaji wa waya chini ya bahari kutoka Aden kwenda Durban, na mwaka huo huo wa 1879 waya ukapita Zanzibar. Bandari ya Sultani Barghash ikaunganishwa na masoko ya dunia. Lakini simu ya maandishi ilitozwa kwa neno, na neno lilikuwa ghali. Wafanyabiashara wa enzi hiyo, duniani kote, walijibu kwa kutunga lakabu. Vilichapishwa vitabu vinene vya misimbo ya biashara, ambamo neno moja lilisimama badala ya sentensi nzima: bei imepanda, meli imechelewa, nunua kiasi hiki kabla ya mwisho wa mwezi. Aliyetuma na aliyepokea walikuwa na kitabu kilekile, na kila mmoja alifungua ukurasa wake.

Hapo ndipo penye somo la kwanza. Neno la msimbo pasipo kitabu halikuwa na maana yoyote. Karani aliyelipokea neno hilo Zanzibar angeweza kulinakili kwa usahihi kamili, herufi kwa herufi, asijue kama amebeba habari ya faida au ya kufilisika. Ufupi ulimsaidia mwenye kitabu. Asiyekuwa nacho aligeuzwa mjumbe wa siri za wengine.

Mabaki ya utaratibu huo watumishi wa umma wanayajua. Barua za wizara na ofisi za Serikali zimebeba kwa miaka mingi mstari wa juu usemao Anwani ya Simu, ukifuatiwa na neno moja kama TAMISEMI. Wengi wanaoisoma leo hudhani simu hiyo ni ya kupiga. Ni simu ya maandishi. Neno lile lilikuwa lakabu iliyosajiliwa posta, ili mtumaji asilipie maneno yote ya jina la ofisi, sanduku la posta na mji. Mashine imekufa, lakabu imeendelea kuishi kwenye karatasi. Hii nayo ni tabia ya amri fupi: huishi kuliko sababu iliyoizaa.

Miaka themanini na zaidi baada ya waya ule, tatizo lilelile la gharama ya maneno liliibuka ndani ya kompyuta. Katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, kati ya mwaka 1963 na 1964, Mfaransa Louis Pouzin alichoka kurudia mfululizo uleule wa amri. Akaandika programu aliyoiita RUNCOM, iliyosoma amri kutoka kwenye faili na kuzitekeleza moja baada ya nyingine. Kutokana na kazi hiyo akapata wazo kubwa zaidi: kwamba programu inayopokea amri za mtumiaji na kumpelekea kiini cha mfumo iwe kitu cha kujitegemea, kinachoweza kubadilishwa. Akaiita ganda, kwa kuwa inakizunguka kiini kama ganda la koko. Mwaka 1965 muda wake ulikwisha, akarudi Ufaransa. Lakini kabla ya kuondoka alikuwa ameandika maelezo ya namna ganda hilo linavyopaswa kufanya kazi, na wenzake waliobaki, akiwamo Glenda Schroeder, wakalijenga wakiwa na maelezo hayo mkononi. Mtu aliondoka, wazo lilibaki. Hadi leo mafaili ambamo vijana wetu huhifadhi lakabu zao huishia na herufi rc, na herufi hizo ni mabaki ya jina RUNCOM.

Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara za Bell walianza kuijenga Unix. Walichapa kwenye mashine za teletaipu, ambazo aina yake iliyozoeleka zaidi ilichapa herufi kumi tu kwa sekunde, kwenye kibodi nzito. Si ajabu basi kwamba kunakili ikawa cp, kuhamisha ikawa mv, na kuorodhesha ikawa ls. Uzito wa vitufe vya teletaipu umebaki ndani ya vidole vya mwanafunzi wa Tengeru ambaye hajawahi kuiona teletaipu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Bill Joy wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akatunga ganda lililompa mtumiaji uwezo wa kutunga lakabu zake na kuzirudia amri zilizopita. Tangu hapo kila mtu akawa na kamusi yake binafsi.

Lakini kisa chenye mafunzo zaidi ni cha mwaka 1976. Katika maabara hizo za Bell, Steve Johnson alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa ndani ya programu ambayo tayari ilikuwa sahihi. Kosa alikwisha kulirekebisha. Alisahau tu kulikusanya upya faili lililorekebishwa, hivyo mashine ikaendelea kutumia lile la zamani. Alimwendea mwenzake Stuart Feldman akiwa amekasirika, na kutokana na kilio hicho Feldman akaandika programu ya make. Ndani ya faili moja, linalokaa pamoja na msimbo, mnaandika kazi zote za mradi na mpangilio wake: kipi kinategemea kipi, kipi kitangulie. Kisha yeyote mwenye mradi huo anaandika make, na kazi inafanyika vilevile kwa kila mtu. Tofauti yake na lakabu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Lakabu hukaa nyumbani kwa mtu. Faili la make hukaa nyumbani kwa mradi. Anayeingia kazini leo hulikuta, hulisoma, hulisahihisha.

Hata hivyo Feldman alituachia pia onyo. Katika faili hilo kila mstari wa amri lazima uanze na alama ya tabo, na nafasi za kawaida hazikubaliki, ingawa kwa macho hazitofautiani. Alitambua mapema kwamba uamuzi huo ulikuwa mbaya. Lakini tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili, wengi wao marafiki, hakutaka kuwavurugia kazi. Kwa ajili ya watu kumi na wawili, mamilioni ya watu kwa karibu miaka hamsini wamejikwaa kwenye alama isiyoonekana. Kila aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi ya umma anajua taratibu zilizozaliwa hivyohivyo: zilianza kama huruma kwa wachache, zikawa sheria kwa wote.

Sasa tujiulize: miaka hiyo sisi tulikuwa wapi? Mwaka 1965, mwaka ambao Pouzin alirudi kwao, Wizara ya Fedha ya Tanzania ilifunga kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, iliyonunuliwa kwa kampuni ya Kiingereza. Hatukuchelewa. Tulikuwa mapema kuliko wengi. Lakini jaribio la kuziingiza hesabu za Serikali ndani ya mashine liliishia kwenye hasara na mkanganyiko, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, isipokuwa kwa kibali maalumu. Marufuku hayo yalikuja kulegezwa polepole katika miongo iliyofuata. Wakati Feldman anaandika make, sisi tulikuwa na kizuizi bandarini.

Ni rahisi kuicheka amri ya 1974, na wengi wameicheka. Mimi nadhani wanaoicheka hawajaisoma vizuri. Chini yake kulikuwa na swali la haki: taifa maskini linanunua kwa fedha za kigeni mashine ambayo utaalamu wake uko mikononi mwa wageni, wageni wakiondoka, nani atajua kilichomo? Swali lilikuwa sahihi. Jibu ndilo lililokosewa. Serikali ilizuia mashine ilhali kilichokosekana ni daftari: maelezo yaliyoandikwa, watu waliofundishwa, makabidhiano yanayokaguliwa. Marufuku yalituondolea hasara ya muda mfupi na kutunyima mwongo mzima wa kujifunza. Tulipofungua mlango, lakabu za dunia zilikuwa zimekwisha kutungwa.

Wapo waliojaribu kuurekebisha upungufu huo kwa njia ya lugha. Mwaka 1967, mwaka ambao Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa kwa sheria, ilikuwa sera kwamba shughuli za Serikali zifanyike kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa. Kwa mantiki hiyo hiyo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao kutoka Sweden walianzisha mradi wa KiLinux, na mwishoni mwa mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kazi ile ilithibitisha kwamba istilahi si kikwazo. Lugha inayoweza kuendesha Bunge na mahakama za mwanzo haiwezi kushindwa na menyu ya kuhifadhi faili.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini tusiende hatua ya pili, tukatunga lakabu za Kiswahili kwa amri zenyewe: nakili badala ya cp, hamisha badala ya mv, orodha badala ya ls. Inawezekana, na ni kazi ya dakika tano. Lakini lakabu haisafiri. Aliyezoea nakili kwenye mashine yake, akipelekwa kwenye seva ya halmashauri nyingine, ataiandika na kuambiwa kuwa amri hiyo haijulikani. Tutakuwa tumempa jina na kumnyima ujuzi. Wapo hata waliodhurika kwa lakabu ya kuwalinda: wengi huifunika amri ya kufuta, rm, kwa lakabu inayouliza kwanza kama una uhakika. Baada ya mwaka mmoja kidole kimezoea kuulizwa. Siku mtu huyo akikaa kwenye mashine isiyo na lakabu hiyo, anaandika rm akisubiri swali, na swali haliji.

Kwa hiyo mahali pa Kiswahili, kwa maoni yangu, ni ndani ya maelezo. Juu ya kila lakabu na kila kazi iliyo katika faili la make, mashine inaruhusu mstari unaoanza na alama ya reli, ambao yenyewe inauruka na binadamu anausoma. Hapo ndipo iandikwe: "Huvuta msimbo mpya, hujenga programu, kisha huendesha majaribio. Isitumike kwenye seva inayohudumia wananchi." Sentensi mbili za Kiswahili sanifu zinamwezesha karani, mkaguzi na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuelewa kinachotendeka. Gharama yake ni dakika moja.

Nirudi kwa wakala wa Kikatiti, kwa sababu yupo atakayeniuliza: je, yeye naye asome kilichomo ndani ya *150*00#? Hapana. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, nguvu yake ilikuwa hasa kwamba ilifanya kazi kwenye simu ya kitochi, bila intaneti, kwa namba ambazo mtu huzikariri mara moja. Tangu mwaka 2014 kampuni zilianza kuunganisha mifumo yao, mteja wa mtandao mmoja akaweza kumtumia wa mtandao mwingine. Mwaka 2017 Serikali ikaanzisha mfumo wa GePG, na kontroo namba ikawa neno la kila siku kwa mzazi anayelipa ada na mfanyabiashara anayelipa leseni. Mwananchi hahitaji kujua njia ambayo fedha imepita. Anachohitaji ni kuwa na hakika kwamba yupo mtu, mwenye jina na dhamana, anayeijua njia hiyo na anayeweza kuulizwa. Ndiyo maana Bunge lilitunga Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa mwaka 2015, na Sheria ya Serikali Mtandao mwaka 2019. Ujinga wa mtumiaji hauna madhara pale ambapo ujuzi wa mwenye dhamana umeandikwa na unakaguliwa.

Hatari iko katikati, kati ya mwananchi na sheria, kwenye chumba kidogo cha ofisa wa TEHAMA. Nimewahi kufika kwenye ofisi moja ya umma iliyokuwa imesimamisha huduma kwa siku mbili. Mfumo haukuharibika. Kijana aliyekuwa akiuendesha alikuwa amehamishwa, na amri aliyokuwa akiitumia kila asubuhi kuuwasha, neno moja la herufi tano, ilikuwa lakabu iliyokuwa kwenye akaunti yake, na akaunti ilifungwa siku aliyoondoka, kama utaratibu unavyotaka. Waliobaki walilijua neno. Waliliandika mara nyingi. Mashine haikulijua. Kijana hakuwa na kosa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba herufi zile tano zilikuwa mali ya ofisi.

Ajabu ni kwamba ofisi hiyohiyo ina masijala. Jalada lina namba, na namba ya kumbukumbu ni lakabu ya mambo marefu. Lakini ndani ya jalada kila karatasi ina namba yake ya folio, kila uamuzi una dokezo na sahihi, na karani wa masijala akistaafu, anayempokea hulikuta jalada mahali pake. Mtumishi anayehama huandika hati ya makabidhiano ya funguo, viti na gari. Utamaduni wa daftari tunao. Hatujaufikisha kwenye skrini nyeusi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, ambayo hayahitaji mkopo wala mshauri kutoka nje. Kwanza, lakabu ya kazi ya ofisi isikae kwenye akaunti ya mtu. Ihamishiwe kwenye faili la mradi, iwe ni la make au skripti ya kawaida, na lihifadhiwe pamoja na msimbo. Pili, kila amri fupi iwe na maelezo ya Kiswahili juu yake: inafanya nini, inagusa nini, haipaswi kutumika wapi. Tatu, orodha ya amri hizo iwe sehemu ya hati ya makabidhiano, na anayepokea azitekeleze mbele ya anayeondoka kabla ya kutia sahihi. Vyuo vyetu navyo viwe na ujasiri wa kumnyima alama mwanafunzi ambaye mradi wake unawaka kwenye kompyuta yake peke yake.

Wanaharakati wanaodai uwazi wa mikataba na bajeti wana hoja ya haki, na nawaomba waongeze dai hili dogo. Mfumo unaogawa mikopo, unaosajili ardhi au unaopokea kodi unaendeshwa kila siku kwa amri fupi ambazo hazimo kwenye mkataba wowote. Waulize zimeandikwa wapi, na nani mwingine anayeweza kuzisoma.

Swali la mwaka 1974 bado halijajibiwa: wakiondoka wanaojua, nani atajua? Wakati ule wanaojua walikuwa wageni. Leo ni vijana wetu wenyewe, tuliowasomesha kwa kodi, wanaohamishwa, wanaopata kazi bora zaidi, na wengine wanaofariki. Hatuwezi kuwazuia kuondoka. Tunaweza kuhakikisha kwamba walichokitunga kinabaki, kimeandikwa, na kinasomeka.